Mkono Mwingine Kwenye Cheni

Mara tu alipoipindua baiskeli ikasimama kwa usukani na tandiko, Mayunga alijua kuna mtu mwingine aliyeishika.

Ilikuwa Jumapili, wametoka kanisani. Kama ilivyokuwa kawaida yake, alikuwa ametandika gunia nyuma ya nyumba yao pale Somanda, akapanga juu yake spana, kopo la mafuta ya taa, mswaki uliochakaa na kichupa cha mafuta ya cherehani. Alikuwa amevaa fulana ya kazi, ile aliyotoka nayo kwenye kinu cha pamba alikofanya kazi zamani. Akashika pedeli, akaizungusha kwa mkono. Alitegemea kusikia ule mkwaruzo wa mchanga alioujua, maana mkewe alikuwa ameshinda barabarani wiki nzima. Hakusikia kitu. Gurudumu la nyuma lilizunguka kimya, kama baiskeli iliyotoka dukani jana.

Akainama. Cheni ilikuwa imeoshwa. Haikuwa na ule uji mweusi wa vumbi na mafuta unaonata kwenye meno ya friwili. Akaibonyeza katikati kwa kidole. Ikashuka kidogo na kurudi, haijalegea wala haijakaza, kiasi kile kile ambacho yeye mwenyewe angeiacha. Akatazama nati za gurudumu. Zilikuwa na alama mpya za spana. Halafu akaona jambo lililompandisha joto usoni. Klipu ya kiungo, kile kibati kidogo kinachofunga cheni mahali inapounganishwa, ilikuwa mpya, na ilikuwa imewekwa mdomo ukiangalia nyuma, kinyume na mwendo wa cheni, jinsi inavyotakiwa. Mtu asiyejua huiweka vyovyote, ikachomoka njiani. Huyu aliyeiweka alijua.

"Mama Salu!" akaita.

"Bee!" Scola akatokea mlango wa jikoni, mwiko mkononi.

"Cheni imekatika lini?"

"Ah, ile. Juzi, nikienda Lagangabilili."

"Na nani ameiunga?"

Scola akageuka kutazama moto wake. "Kuna fundi pale mnadani. Anaitwa Method."

"Method."

"Ndiyo, Method. Ngoja nigeuze ugali, utaungua."

Akarudi ndani. Mayunga akabaki amechuchumaa mbele ya baiskeli isiyokuwa na kazi. Alichovya mswaki kwenye mafuta ya taa akaanza kusugua cheni iliyokwisha kuoshwa, akasugua mpaka chakula kikaitwa.

Mayunga hakuwa mtu wa kawaida mbele ya cheni. Kwa miaka mingi alikuwa fundi msaidizi kwenye kinu cha kuchambulia pamba, na kazi yake ilikuwa mikanda, minyororo na gololi. Msimu ukifika, mtu aliyepita nje ya kinu alisikia ngurumo tu, lakini Mayunga alisikia kila chombo kwa sauti yake na alijua kipi kinaomba mafuta. Kisha mambo yakabadilika. Biashara ikafunguliwa, wanunuzi binafsi wakaingia vijijini na malori yao na mizani yao, nguo na redio zikajaa madukani ambako zamani watu walipanga foleni ya sabuni. Kinu kikapunguza watu. Mayunga akapewa mkono wa kwaheri na kiinua mgongo, na kwa sehemu kubwa ya kiinua mgongo hicho akanunua baiskeli nyeusi ya Foneksi yenye keria imara.

Alijaribu kuuza mitumba. Lakini hakuwa na mdomo wa biashara. Mteja akishika shati na kusema lina tundu, yeye alikubali kwamba kweli, lina tundu. Akiombwa apunguze bei, alikasirika akafunga mzigo. Siku moja aliumwa tumbo, Scola akaenda badala yake. Alirudi jioni keria ikiwa tupu, anacheka peke yake, na tangu siku hiyo baiskeli ikawa ya Scola. Leo mnada wa Dutwa, kesho wa Lagangabilili. Mwanamke juu ya baiskeli ya kiume, robota la nguo nyuma yake, khanga imefungwa imara juu ya sketi: watu walimtazama sana mwanzoni, kisha wakamzoea.

Mayunga akabaki na shamba la pamba ng'ambo ya mto, na binti yao Salu wa kumpikia uji asubuhi kabla ya shule, na Jumapili yake. Hiyo Jumapili hakuna aliyeigusa. Kila Jumatatu Scola alipokuwa akipanda baiskeli, alijaribu pedeli na kushukuru, "Wabeja, Baba Salu. Leo itakwenda yenyewe." Maneno hayo Mayunga aliyala wiki nzima. Wenzake wa zamani wa kinuni walipomuuliza siku hizi anafanya nini, hakuwa na jibu, lakini moyoni alijua kwamba mke wake hafiki popote bila mkono wake.

Sasa kulikuwa na mkono mwingine.

Jumapili iliyofuata aliikuta cheni safi tena. Na ile iliyofuata. Hakuuliza. Alifanya kazi yake kimya, akiosha kilichooshwa na kutia mafuta palipo na mafuta, huku akimtazama Scola kwa jicho la pembeni. Mtu akishaanza kutazama hivyo, kila kitu kinakuwa ushahidi. Scola alinunua sabuni ya kunukia. Kwa nini? Alikuwa akiimba akifua. Wimbo wa kanisani, ndiyo, lakini mbona zamani hakuimba? Jioni moja Scola alipompa maji ya kunawa, Mayunga aliona weusi kwenye kucha za mkewe, weusi wa mafuta ya baiskeli anaoujua kuliko mtu yeyote, na badala ya kufikiri jambo jepesi lililokuwa mbele ya macho yake, alimwona akilini huyo Method akiwa na mikono michafu ameushika mkono wa mke wake.

Usingizi ukawa mwepesi. Chakula kikakosa ladha. Shambani alipalilia mstari mmoja akasimama, akiegemea jembe, akijaribu kumtengeneza huyo mtu kichwani: mrefu au mfupi, mnene au mwembamba, ana mke au hana.

Aliyemalizia kumvuruga alikuwa jirani yao Nyanjige, mama mmoja muuza dagaa ambaye naye alikwenda minadani, yeye kwa lori. Alimkuta Mayunga anaanika mahindi.

"Mwadila, shemeji."

"Mwadila."

"Umeshinda mwenyewe. Wenzako wake zao wako nyumbani." Nyanjige akacheka, si kwa ubaya. "Lakini usiwe na wasiwasi, yule fundi wa Lagangabilili anamtunza Mama Salu. Juzi nimepita pale, wamekaa bega kwa bega, wanacheka mpaka machozi."

"Wanacheka nini?"

"Nitajuaje mimi? Nilikuwa nimebeba dagaa."

Mayunga akaendelea kuanika mahindi. Alipomaliza aligundua ameyamwaga yote mahali pamoja, na kuku wamekwisha kufika.

Siku ya mnada hakumwambia mtu. Alimwacha Scola aondoke na baiskeli, akampeleka Salu shule, akavaa koti, akaenda barabarani. Alipata lori lililokuwa linakwenda kuchukua pamba, akakaa juu, juu ya magunia matupu, pamoja na watu na mbuzi. Njia nzima alikuwa akipanga maneno. Atasema hivi, na huyo kijana akijibu vile, yeye atasema hivi. Lori liliporuka shimoni, maneno yalimtoka yote, akaanza upya.

Mnada ulikuwa umechangamka. Upande mmoja ng'ombe na vumbi lao na vijana wenye fimbo. Upande mwingine nguo, sufuria, dawa za mifugo, miwa, nyama ya kuchoma. Mayunga alipita nyuma ya safu za mitumba, kofia ameishusha usoni kama mtu mwenye deni. Alimwona Scola kabla hajawa tayari kumwona.

Alikuwa amekaa kwenye kreti la soda lililopinduliwa. Mbele yake baiskeli ilikuwa imesimama miguu juu, si Foneksi yao, ni nyingine, nyekundu, ya mtu. Mikono ya shati ameikunja. Pembeni yake, karibu kabisa, alikaa kijana mrefu mwenye shingo nyembamba, ana tairi mapajani, lakini macho yake hayakuwa kwenye tairi. Yalikuwa kwenye mikono ya Scola.

Mayunga akajibanza nyuma ya makoti yaliyotundikwa. Alitaka kutoka. Lakini macho yake, macho ya fundi, yalikwenda kazini kabla ya miguu. Scola alikuwa amelegeza nati pande zote mbili. Alivuta gurudumu nyuma, upande huu kidogo, upande ule kidogo, kisha akachungulia kwa jicho moja kuona kama tairi liko katikati ya fremu. Akaibonyeza cheni. Halafu hakuridhika hapo, kama mafundi wengi wanavyoridhika. Alizungusha pedeli polepole duara zima, akibonyeza tena na tena, akitafuta mahali cheni inapokaza zaidi, kwa sababu meno ya mbele hayawi mviringo kamili. Alipopapata ndipo alipopimia. Akakaza nati, huku kidogo, kule kidogo. Akazungusha. Kimya.

Mwenye baiskeli, mzee mmoja mwenye rubega, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Yule kijana akasema kitu. Scola akamjibu, wakacheka wote wawili, na Scola akamsukuma begani kwa mkono wake mchafu.

Pembeni ya Mayunga, muuza makoti akamwuliza, "Ngosha, unanunua au unajificha?"

"Yule mama," Mayunga akasema. "Ni nani?"

"Yule? Anauza nguo, na baiskeli anatengeneza. Akina mama wote wanampelekea yeye. Hata wanaume siku hizi. Anajua kuliko huyo kijana mwenye kibanda."

Mayunga aliondoka bila kujionyesha. Alirudi kwa miguu sehemu kubwa ya njia, kwa sababu hakutaka kukaa na watu. Alikuwa amekwenda kumkamata mwanamume, na kumbe aliyemkuta ni mke wake, na kitu kilichomchoma sasa hakikuwa na jina rahisi. Angemkuta Scola amekumbatiwa angepigana, na watu wangemwelewa. Lakini mtu anapiganaje na mke aliyekaa juu ya kreti anafanya kazi yako, tena anaifanya vizuri? Alimwonea wivu Method kwa kile kicheko. Akamwonea wivu Scola kwa kile kichwa cha mzee kilichotikisika kwa kuridhika. Yeye hakuna mzee aliyemtikisia kichwa tangu kinu kilipomwacha. Kufika mtoni alikuwa hajui yupi anamchukia zaidi.

Jumapili ilipofika alitandika gunia lake kama kawaida. Scola alikuwa amekwenda kumtazama mgonjwa na wenzake wa jumuiya. Mayunga alilegeza nati, akavuta gurudumu nyuma kwa nguvu zake zote, goti likiwa limekanyaga fremu, mpaka cheni ikawa imenyooka kama waya wa kuanikia nguo. Hapo akakaza. Aliibonyeza kwa kidole. Haikushuka hata kidogo. Cheni iliyokazwa namna hiyo haifiki mbali. Italia, itang'ang'ania, na kwenye mlima wa kwanza au wa pili itakatika. Alimwona Scola akirudi mchana, anasukuma, jasho linamtoka, na akimwambia, Baba Salu, nisaidie. Alipika picha hiyo akaila ikamshibisha.

Jumatatu kulipokucha Scola alitoa baiskeli uani, akafunga robota kwenye keria. Mayunga alikuwa mlangoni na kikombe cha uji.

"Mwangaluka, Baba Salu."

"Mwangaluka."

Scola akainua gurudumu la nyuma kidogo kwa mkono mmoja na kusukuma pedeli kwa mguu, kama alivyozoea. Cheni ikalia. Mlio mfupi, mkavu, kama jino linalosagwa. Scola akasimama. Akasukuma tena, akasikiliza. Kisha akafungua kamba, akateremsha robota zima chini, akaipindua baiskeli na kuibonyeza cheni.

"Nani amekaza hivi?"

"Mimi."

"Umesahau kazi yako?"

Mayunga alitazama uji wake. "Sijasahau."

Scola akamgeukia. Hakuwa amekasirika bado. Alikuwa anaelewa, na uso wake ulibadilika polepole jinsi alivyozidi kuelewa. Aliingia ndani, akatoka na spana ya mumewe, akapiga magoti kwenye vumbi. Alilegeza, akarudisha gurudumu mbele, akapima, akazungusha duara zima, akakaza huku na kule. Ilikuwa mara ya kwanza kuifanya kazi hiyo mbele ya macho ya Mayunga. Hakujificha, wala hakufanya haraka.

"Nilikwenda Lagangabilili," Mayunga akasema. "Nimewaona. Wewe na Method wako."

"Umetuona tukifanya nini?"

"Mnacheka."

"Tunacheka." Scola akarudia neno hilo kama anaonja chakula kilichochacha. "Kwa hiyo ukaona unikatie cheni pale kwenye mteremko wa darajani, na malori ya pamba yanavyokuja. Cheni ikatike, izunguke kwenye gurudumu, nianguke mbele ya lori. Kwa sababu nimecheka."

"Sikufikiria mteremko. Nilifikiria mlima."

"Kila mlima una upande wa pili, Baba Salu. Wewe ni fundi."

Hilo lilimwingia. Kweli hakuwa amelifikiria, na kujua kwamba hakulifikiria kulimtisha kuliko kama angekuwa amelipanga. Lakini wivu ni mkaidi, haukubali kunyamaza wakati unaposhindwa.

"Ungeniambia unataka kujua," akasema kwa sauti ya juu. "Mimi niko hapa! Mimi ningekufundisha! Kwa nini uende kwa mtu wa mnadani?"

Scola akasimama, akajifuta magoti.

"Nilikuomba. Masika iliyopita, cheni iliponitoka mbugani, nikasukuma mpaka giza, tope mpaka hapa. Nilikuja nikakaa hapo hapo ulipo, nikakwambia Baba Salu, nionyeshe. Ulinijibuje?"

Mayunga alikumbuka. Alikumbuka hata jinsi alivyosema bila kuinua kichwa.

"Ulisema hiyo si kazi yangu, nikatazame sufuria," Scola akasema. "Basi nikatazama sufuria."

Alifunga robota lake upya. Alimwita Salu, akamrekebisha kola ya sare, akamwambia asome vizuri. Kisha akapanda baiskeli akaondoka, na cheni haikutoa sauti yoyote.

Jioni hakurudi. Kesho yake jioni, Nyanjige alileta habari kwamba Mama Salu yuko salama, amekwenda Nyalikungu kwa dada yake Martha, na kwamba asitafutwe, akitaka kurudi atarudi. Nyanjige alizisema habari hizo akiwa amesimama mbali kidogo, na safari hii hakucheka.

Siku hizo zilikuwa ndefu. Mayunga alimsuka Salu nywele vibaya, akazifumua, akazisuka vibaya zaidi. Mtoto akamwuliza mama atarudi lini, akasema karibu. Akamwuliza kwani wamegombana. "Mimi ndiye niliyegomba," Mayunga akasema, na akashangaa kwamba kulisema mbele ya mtoto hakukumuumiza sana.

Hata hivyo, asubuhi ya mnada uliofuata, aliyemwendea kwanza hakuwa mke wake. Wivu bado ulikuwa na swali lake. Alishuka kwenye lori akaenda moja kwa moja kwenye kibanda cha fundi.

Method alikuwa peke yake, anaziba tyubu. Kwa karibu alikuwa mdogo kuliko Mayunga alivyodhani, ndevu hazijakaa sawa. Alipoinua macho akaacha tyubu, akasimama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Unanijua?"

"Nadhani. Wewe ni Baba Salu." Akafuta kreti kwa kitambaa akalisogeza. "Karibu ukae."

Mayunga hakukaa. "Nataka uniambie kitu kimoja. Mke wangu ulimfundisha nini?"

Method akamtazama kana kwamba swali limekuja kichwa chini. "Mimi? Mimi sikumfundisha, baba. Siku ile alikuja cheni imekatika. Nikaitoa pini iliyoharibika, nikaweka kiungo kipya na klipu yake. Akaniambia umeiweka kinyume. Nikamwambia mama, mimi ndiye fundi. Akanichukulia koleo mkononi, akaigeuza mwenyewe. Akasema mume wake huigeuza hivyo, amemwona kila Jumapili kupitia mlango wa jikoni." Akakuna shingo yake ndefu. "Watu waliokuwepo wakanicheka sana. Hata yeye. Mpaka leo tukikumbuka anacheka, ananiita fundi kinyume."

Mayunga alisimama pale na jua likampiga utosini. Alitaka kusema jambo la kumaliza maneno, jambo la mtu mzima, lakini kilichomtoka kilikuwa, "Kupitia mlango wa jikoni?"

"Ndivyo alivyosema. Kuosha, kupima, vyote. Mimi mwenyewe ule ujanja wa kuzungusha duara zima nimeupata kwake."

Scola alikuwa safu ya pili, nguo zake ameziweka juu ya turubai. Alimwona mumewe akija, akaendelea kumhudumia mteja, dada mmoja mwenye mtoto mgongoni aliyekuwa akibishania gauni. Hakuharakisha. Gauni lilikunjuliwa, likapimwa, likakataliwa, likarudiwa, na Mayunga akasimama muda wote huo mbele ya watu kama mzigo uliosahauliwa. Dada alipoondoka, Scola akasema, "Salu yuko na nani?"

"Yuko shule. Nyanjige atampokea."

"Ana nywele gani?"

"Mbaya."

Mdomo wa Scola ulitaka kucheka, akaukataza.

"Nilikaza makusudi," Mayunga akasema. "Nilitaka urudi unasukuma, uniombe."

"Najua."

"Sikufikiria kuanguka. Nakuapia. Lakini nilipaswa kufikiria, maana cheni ni kitu ninachokijua." Akashusha pumzi. "Na ulipoomba, nilikufukuza. Hayo ndiyo nimekuja kusema. Sina mengine."

Scola alikunja gauni lile ambalo halikununuliwa, akalikunjua, akalikunja tena.

"Mimi siachi kutengeneza baiskeli," akasema. "Kazi hiyo imenikubali. Na Foneksi naiangalia mwenyewe. Hata Jumapili usiiguse mpaka nikuambie. Nimeogopa, Baba Salu. Nimelala kwa Martha nikiota naanguka."

"Sitaigusa."

"Na Method ni mtoto wa watu, ananiheshimu. Ukitaka kujua tunacheka nini, uliza, utaambiwa."

"Nimekwisha kuambiwa."

Scola alirudi nyumbani siku hiyo hiyo. Lakini mambo yalichukua muda kutulia. Kwa miezi kadhaa kila asubuhi Scola alipima cheni kwa kidole kabla ya kuondoka, na kila alipopima, Mayunga aligeuza uso. Jumapili zake zikawa hazina kazi. Akawa anakwenda kuzurura mtoni mpaka saa ya chakula. Hakulalamika. Mwisho wa mavuno ndipo Scola mwenyewe alipomwambia, akiwa amempa mgongo anachambua mchele, kwamba pale mnadani baiskeli zimekuwa nyingi, watu wanasubiri mpaka wanaondoka, na kama shamba halina kazi anaweza kuja na spana zake.

Akaenda. Kibanda cha Method kikaongezwa turubai, wakakaa watatu. Mayunga alikuwa na mkono mzuri na kila mtu aliuona, lakini wateja walikuwa wamezoea, na mazoea hayavunjwi kwa spana. Wengi walimpita wakaenda kwa mkewe. Wengine walimwachia baiskeli kisha wakamwomba Scola aikague. Jambo hilo lilimchoma kila mara, na haikuwepo siku ambayo halikumchoma. Alijifunza tu kwamba linachoma halafu linapoa, na kwamba kazi inaweza kuendelea wakati linapoa.

Mchana mmoja Scola alikuwa amekwenda kula, Method amekwenda kununua sulisheni ya kuzibia tyubu. Mwanamume mmoja akafika akisukuma baiskeli, cheni inaning'inia. Akamtazama Mayunga, akatazama mikono yake iliyokwisha kuchafuka, akatazama spana zake zilizopangwa safi juu ya gunia.

"Samahani, ndugu," akasema. "Yule mama mwenye kazi yake yuko wapi?"

Mayunga alihisi joto lile lile likipanda shingoni. Akalisubiri lishuke.

"Amekwenda kula," akasema, akamsogezea kreti. "Kaa kivulini. Hatakawia."